Imba Kwanza: Mahubiri kwa Wapiga Gitaa wa Mpakani

Ndugu zangu wa Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, wa Malaba, na wa Tororo kwenye kivuli cha ule mwamba wenu. Ninyi mnaopiga gitaa kwenye kwaya, harusini, matangani na kwenye mikutano ya injili. Na hasa wewe kijana uliyeuza mahindi, ukaficha fedha chini ya godoro, na sasa unangoja Jumatatu upande basi la Nairobi au la Kampala ukanunue gitaa la umeme: nisikilize kabla hujakata tiketi.

Neno langu ni moja. Usilitafute gitaa kabla hujaijua sauti yako. Sauti hiyo haiko kwenye duka lolote la mjini. Iko mdomoni mwako na vidoleni mwako, na imekuwapo tangu ulipokuwa ukigonga sufuria jikoni kwa mama. Gitaa ni la kuibeba tu. Ukichukua la kuibeba, mtu mzima atalia kanisani bila kujua analizwa na nini. Ukichukua la kuizika, utaongeza volyumu mpaka spika ipasuke, na bado hakuna atakayekusikia.

Somo letu ni Samweli wa Kwanza, sura ya 17. Mmeisikia tangu shule ya Jumapili, lakini leo isikieni kama wapiga nyuzi. Daudi anakwenda kupambana na Goliathi. Mfalme Sauli, kwa moyo mwema kabisa, anamvika silaha zake mwenyewe: kofia ya shaba, dirii ya kifuani, upanga wa kiunoni. Silaha zile hazikuwa na kasoro. Zilikuwa za mfalme. Lakini zilifuliwa kwa mwili wa Sauli, mtu aliyewapita wenzake wote urefu kuanzia mabegani. Daudi anajaribu kutembea, hawezi; hajazizoea. Anazivua zote. Kisha anashuka kijitoni, anainama, na kuchagua mawe matano laini.

Kaeni kidogo juu ya neno hilo: alichagua. Kijito kimejaa mawe, naye hakuokota tu lililokuwa karibu. Mchungaji aliyerusha kombeo utotoni mwake kote anajua jiwe lenye kona hupinda njiani, na jiwe lililolainishwa na maji huenda linakotumwa. Aliijua kazi, akaujua mkono wake, ndipo akakijua chombo. Na msisahau kwamba kijana huyu ndiye aliyempigia Sauli kinubi mpaka roho ya mfalme ikatulia. Vidole vilivyochagua mawe vilikuwa vidole vya mtu wa nyuzi. Wala Daudi hakuwa adui wa chuma kizuri: siku ileile aliushika upanga wa Goliathi, na baadaye akauchukua tena kule Nobu akiusifu. Kwa hiyo mtu asiseme nahubiri dhidi ya gitaa la bei kubwa. Nahubiri dhidi ya kuvaa dirii iliyopimwa kifua cha mwingine.

Mimi niliivaa. Nilikuwa na miaka 21, na ukutani kwa kinyozi wetu palikuwa na picha ya mzungu mwenye nywele ndefu, ameshika gitaa jeusi lenye pembe mbili kali. Picha ile ilinitawala. Nikaweka akiba mwaka mzima, nikasafiri, nikarudi na gitaa jeusi lenye pembe mbili kali. Sikulijaribu dukani zaidi ya kulipiga mara moja kwa nguvu. Jumapili ya kwanza, chini ya bati, kinanda kikiwa kulia na ngoma nyuma, nilianza solo yangu: ile kasi ya nyuzi nyembamba, noti fupifupi zinazofukuzana, kama tulivyolelewa kuisikia redioni. Ilizama. Ilizama kama kijiko kwenye uji mzito. Nikaongeza volyumu. Mpiga kinanda naye akaongeza. Kwaya ikapaza sauti ili isimezwe. Wimbo wa tatu ulipoisha, hapakuwa na sifa mle ndani, kulikuwa na kelele tu.

Baada ya ibada alinifuata mzee mmoja aliyekuwa akipiga gitaa kavu ujanani mwake, mtu wa kidole gumba na kidole cha shahada. Hakunigusia gitaa. Aliniambia, "Mwanangu, hebu iimbe hiyo solo yako kwa mdomo." Nikaimba: tiri-tiri-ti, tiri-tiri-ti. Akasema, "Mdomo wako unasema tiri. Gitaa lako linasema ndumu. Mmoja wenu anadanganya."

Ndugu, tangu siku hiyo sijapata fundisho kubwa kuliko hilo, na ndilo ninaloligawa leo bure. Imba kwanza.

Imba, nawe utajua mkono wako unatoka wapi. Maana sisi wa mpakani hatukuanza kwa gitaa. Wateso wana akogo, vyuma vyembamba juu ya kisanduku cha mbao, vinavyochezwa kwa vidole gumba mpaka vinaongea. Wajopadhola wana tongoli lao. Wabukusu wana litungu. Jirani zetu Wajaluo wana nyatiti ya nyuzi nane, na kutoka kwenye nyuzi hizo nane ikazaliwa benga: wapiga gitaa waliuchukua mwendo wa nyatiti, ule wa kudonoa noti mojamoja kwa kasi, wakauhamishia kwenye gitaa la umeme. D. O. Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kujulikana Kenya nzima na Shirati Jazz yake, hakuiga mlio wa picha ya ukutani. Alibeba mwendo wa nyumbani. Na kabla ya umeme, huku kwetu magharibi, George Mukabi alikuwa amelifanya gitaa kavu liimbe omutibo: gumba likishika besi, kidole kikicheza juu, na chupa ya soda ikikwaruzwa pembeni. Abana ba Nasery wakaibeba njia hiyo hata ikasikika Ulaya, na chupa ya Fanta wakaenda nayo.

Wala mpaka huu haukuwahi kuizuia sauti. Daudi Kabaka alizaliwa Kyambogo, Uganda, akawa nguzo ya muziki wa Kenya. Wimbo wake "Helule Helule" ukapigwa upya na bendi ya Uingereza, The Tremeloes, mwaka 1968. Samba Mapangala alitoka Kongo, akapitia Uganda, akafika Nairobi mwaka 1977 na rumba yake ikakaa. Watu hawa wote walishika vyombo vilivyotengenezwa mbali. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeuliza chombo kimwambie yeye ni nani.

Sasa, ukishajua mdomo wako unasema nini, jifunze gitaa linasemaje. Wengi wetu tunaomba Mungu atupe sauti nzuri huku hatujawahi kufungua skrubu sita tukaona sauti inazaliwa wapi. Ujinga si unyenyekevu. Fungua.

Utakuta chini ya nyuzi kitu ambacho mafundi wetu hukiita pikapu, jina moja na gari la mizigo. Na kwa kweli nacho hubeba. Ndani yake mna sumaku, na kuizunguka sumaku mna waya wa shaba mwembamba kama unywele, umezungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, uga wa sumaku nao hutikisika, na mtikisiko huo huzaa mkondo mdogo wa umeme ndani ya waya. Mkondo huo ndio unaopita kwenye kebo hadi kwenye ampu, kile kikuza sauti. Basi elewa: pikapu haisikii kama sikio. Inahisi chuma kikitembea. Chukua uzi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki ambao siku hizi hufungwa kwenye nyatiti, uupitishe juu ya pikapu, upige kwa nguvu zako zote: kimya. Pikapu haimjui asiye chuma.

Na pikapu haziko za namna moja. Hapa ndipo fedha zako zinapopotea au kupona.

Ya kwanza ni ya koili moja. Ndiyo iliyo kwenye Telecaster ya mwaka 1951 na Stratocaster ya mwaka 1954, magitaa ya Leo Fender wa California. Mlio wake ni mkali, safi, wenye ncha. Kila noti husimama peke yake kama shahidi mahakamani. Kama mdomo wako unasema tiri, hapa ndipo kwenu. Benga inaishi hapa, na solo ya sebene, ile sehemu ya kasi ya rumba ya Kongo, pia. Lakini ina mwiba wake: koili moja ni kama antena. Umeme wetu, wa Kenya na wa Uganda, huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na pikapu hii huuvuta ule mvumo kutoka kwenye transfoma, kwenye taa ndefu za darini, hata kwenye ampu yenyewe. Tangu mwaka 1958 waya za umeme wa Jinja zimepita Tororo kuelekea Nairobi. Ninyi mlio chini ya waya hizo mvumo huo mnaujua.

Niliwahi kumkuta kijana upande wa Tororo akilia machozi kwamba gitaa lake jipya ni bovu, linavuma wakati wa maombi ya kimya. Alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya ampu, karibu kuigusa. Nikamwambia asimame, asogee hatua tatu, kisha ajizungushe polepole kama tulivyokuwa tukizungusha redio ya betri kutafuta kituo. Aligeuka, akageuka, na alipokuwa ameelekea dirishani mvumo ukashuka mpaka ukawa kama pumzi. Gitaa lilikuwa zima. Alichokosa ni kuambiwa. Tena kwenye magitaa mengi ya kisasa yenye pikapu tatu za namna hii, ile ya katikati imezungushwa kinyume. Ukiweka swichi kati ya pikapu mbili, mvumo hukatika wenyewe. Kijana yule aliambiwa hilo pia, akanishika mkono hakuuachia.

Ya pili ni ya koili mbili, hambaka. Seth Lover, mhandisi wa Gibson, aliibuni mwaka 1955, na mwaka 1957 ikaingia kwenye magitaa. Hekima yake ni hii: koili mbili kando kwa kando, sumaku zikitazamana kinyume na waya zikipinda kinyume. Mvumo wa umeme ukiingia kwenye zote mbili, moja huufuta wa mwenzake. Lakini mtikisiko wa uzi hujumlishwa. Adui wanauana, rafiki wanaungana. Mlio unaotoka ni mnene, wa joto, wenye nguvu, nao hukaa muda mrefu. Kama mdomo wako ukiimba unasema "ooo" na "mmm", kama unapenda noti moja ndefu inayopanda wakati watu wameinua mikono, kama unapiga roki ya injili yenye mkwaruzo, hapa ndipo kwenu. Gharama yake ni ile ncha: noti fupi za kasi hujaa nyama, huzama kwenye uji. Ndivyo nilivyozama mimi.

Ya tatu iko kati yao, nayo ni P-90, iliyotoka mwaka 1946. Ni koili moja lakini pana. Ina ncha na ina kifua. Huvuma kama ndugu zake. Wewe unayetaka kuhamishia omutibo kwenye umeme, gumba likishika besi nene na kidole kikicheza juu bila kupotea, ijaribu hii karibu na shingo kabla ya nyingine zote.

Na ziko zenye betri ya volti 9 ndani. Ni safi, hazivumi, zina nguvu. Lakini jiulize: betri ikifa katikati ya harusi, saa tano za usiku, kijijini, utaipata wapi? Kama huwezi kuahidi kwamba betri ya akiba imo mfukoni siku zote, achana nazo.

Sikiliza na hili, maana wengi hulipita. Pikapu ileile ikikaa karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini mwa gitaa, husikika kali. Ikikaa karibu na shingo husikika nyororo. Si uchawi. Karibu na daraja uzi husogea kidogo tu, kwa hiyo sauti za juu ndizo hutawala. Karibu na shingo uzi hupunga kwa upana, na sauti ya msingi ikajaa. Ndiyo maana kuna swichi. Wapo waliopiga miaka mitano bila kuigusa swichi hiyo. Ni kama kumiliki nyumba ya vyumba vitatu ukalala mlangoni.

Kisha ujue nafasi yako kwenye kundi. Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu kundi huvunjika kwa jambo hili. Rumba ya Kongo imetufundisha kuyapanga magitaa: rithimu inashikilia, mi-solo inajaza katikati, solo inapaa. Kila moja na ngazi yake. Kama wewe ni mpiga rithimu na mwenzako ni mpiga solo, na nyote wawili mmenunua gitaa moja, pikapu moja, swichi mahali pamoja, mmekwisha kugombana kabla ya kusalimiana. Mpiga rithimu achukue mlio wa shingo au wa katikati, wa duara, unaoacha nafasi. Mpiga solo achukue daraja. Kama kanisani kuna kinanda kizito, mkono wa kushoto wa mpiga kinanda tayari umejaza chini na katikati. Gitaa lenye hambaka ya shingo likiingia hapo ni kumwaga maji ziwani. Na kama mko wawili tu, gitaa na ngoma, basi unene unakupasa, kwa sababu hakuna mwingine wa kuujaza. Kaeni chini pamoja kabla ya kununua. Kila mmoja aimbe sehemu yake kwa mdomo, nyote kwa wakati mmoja. Ikisikika vizuri bila gitaa, itasikika vizuri na gitaa.

Na yule anayepiga kila kitu, Jumamosi harusini, Jumapili kwaya, Jumatano kesha? Kwake yapo magitaa yenye hambaka moja karibu na daraja na pikapu mbili za koili moja mbele yake. Yamaha Pacifica 112 ni la namna hiyo. Mengine yana swichi ya kuigawa hambaka ibaki koili moja. Hayo ni magitaa ya mtumishi. Usiyadharau kwa sababu hayako kwenye picha ya kinyozi.

Sasa umefika dukani. Roho inadunda. Muuzaji amekupa pedali ya mkwaruzo na kila kitu kinasikika kama radi. Zima. Zima kila kitu. Piga pakavu, volyumu ndogo, wimbo wako mwenyewe, ule unaoupiga Jumapili. Si ule wa kumvutia muuzaji. Pitisha swichi kila mahali na usikilize uzi mmoja mmoja. Gonga kila pikapu taratibu kwa ncha ya bisibisi. Isiyotoa "to" kwenye ampu imekufa, waya umekatika ndani. Kama una rafiki fundi wa redio, aje na mita yake: pikapu nyingi za koili moja husoma karibu omu 6,000, hambaka za kawaida karibu 8,000. Isiposoma kitu, usiinunue. Lichungulie gitaa kutoka kichwani kuelekea chini kama fundi seremala anavyochungulia ubao. Shingo iliyopinda kama ndizi itakutesa. Kwenye freti ya 12, linganisha noti uliyobonyeza na ile ya mguso mwepesi. Zisipolingana na daraja likawa halirekebishiki, rudisha. Na urefu wa uzi uupime kwa vidole vyako: magitaa mengi ya Fender yana uzi wa milimita 648 kutoka mwanzo wa shingo hadi daraja, mengi ya Gibson karibu 628. Uzi mrefu hukaza, hutoa ncha. Uzi mfupi hulegea, humsaidia mwenye mkono mdogo. Dada yangu unayepiga gitaa na umeambiwa mikono yako ni midogo, hukuambiwa ukweli. Umeshikishwa tu dirii ya Sauli.

Mkishafika nyumbani, msikimbilie kubadilisha pikapu. Kwanza rekebisheni urefu wake. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, utazame nafasi kati ya uzi na sumaku. Milimita 2 ni mwanzo mzuri. Sumaku ikisogea karibu mno huvuta nyuzi, na noti za juu za uzi mnene zikatetema kama mgonjwa wa malaria, hata ukityuni hazitulii. Ikiwa mbali mno, sauti hufifia. Nimeona watu wakiuza gitaa zima kwa ajili ya skrubu mbili! Na ukija kubadilisha, basi mwambie fundi aangalie na vidhibiti: koili moja huenda vizuri na volyumu ya kilo-omu 250, hambaka na ya 500. Ukiweka pikapu mpya kwenye vidhibiti visivyo vyake, utasema pikapu ni mbaya, kumbe umeinyima hewa.

Wapendwa, najua kinachotupoteza. Si umaskini. Ni jina. Tunataka jina kwenye kichwa cha gitaa lisomwe na watu wa viti vya mbele. Lakini hebu niwaambie jambo juu ya huyo Leo Fender ambaye jina lake mnalililia. Alikuwa fundi wa redio. Hakujua kupiga gitaa. Aliyetengeneza magitaa yanayopigwa dunia nzima hakuweza kuyapiga! Basi alifanya nini? Aliwasikiliza wapigaji. Aliwapa gitaa, wakalipiga, wakamwambia hapa panauma, hapa pazuri, naye akarudi karakana akarekebisha. Kama mtengenezaji mwenyewe alimsikiliza mpigaji, wewe mpigaji unamsikiliza nani?

Na sisi tunalijua hili kuliko wengi. Ni hapa, kwenye mpaka huu wa Busia, katika miaka ya 1960 na 1970, ambapo watu waliichukua baiskeli nzito iliyotengenezwa ng'ambo, wakafunga mto kwenye kibebeo, wakawavusha abiria kipande kile kati ya kituo kimoja cha mpaka na kingine, wakiita "boda, boda." Leo neno hilo linatamkwa Afrika Mashariki nzima na nje yake. Hawakuiuliza baiskeli inataka kufanya nini. Walikuwa na kazi, wakaipa baiskeli kazi. Tangu mwaka 2018 kituo ni kimoja pande zote mbili, lakini akili ile ya mpakani haijafutwa. Fanyeni hivyo na gitaa. Kama gitaa la Squier la mitumba lenye pikapu ya koili moja linasema tiri yako, hiyo ndiyo, funga mto, anza safari.

Mtaniuliza gitaa langu jeusi la pembe mbili liliishia wapi. Nililiuza kwa kijana anayepiga roki ya injili, anayeimba kwa kifua, noti ndefu. Nikaenda kumsikiliza. Ndugu zangu, gitaa lile ambalo kwangu lilikuwa uji, mkononi mwake lilinguruma kama simba, na nikaona wazi kwamba halikuwa na kosa lolote siku zote zile. Lilikuwa linamngoja mwenyewe. Mimi nikachukua la koili moja, la bei nusu yake. Jumapili iliyofuata nilianza solo, na mpiga kinanda, bila mtu kumwambia, akaupeleka mkono volyumuni akaipunguza, akageuka kunitazama. Kwaya ikashusha sauti. Watu wakaanza kusikia maneno ya wimbo.

Hivyo, namsihi kila mmoja wenu. Jumatatu asubuhi, kabla ya kuziweka fedha kwenye soksi, simama uani, mahali mama asipokuwapo wala rafiki wa kucheka. Imba solo yako yote kwa mdomo, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Usiogope kuimba vibaya. Sikiliza mdomo wako unasema tiri au unasema ndumu, unakimbia au unakaa, unataka ncha au unataka kifua. Iandike kwenye karatasi ukipenda. Kisha uende nayo dukani kama Daudi alivyoshuka kijitoni, uiname, uchague. Basi la saa moja likikuacha, liko la saa tatu. Imba kwanza.